Shokapu za Mjomba

Msomaji, usinicheke nikikwambia kwamba riwaya yangu ya kwanza inaanza na gari nisilowahi hata kuligusa. Ni Ford Mustang nyekundu, na mhusika wangu mkuu analiendesha usiku jijini Dar es Salaam huku majambazi wakimfuata kwa nyuma. Sura hiyo niliiandika mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne na kupata matokeo yasiyonipeleka popote. Niliiandika kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu ya bluu, nikiwa nimeketi juu ya magunia ya mpunga nyuma ya Land Rover ya mjomba wangu. Mimi nilikuwa utingo wake. Mhusika wangu anakata kona kama upepo, na mimi huku narushwa hadi kalamu inachana karatasi.

Sisi ni watu wa Mpanda, mji ambako reli inaishia. Reli hiyo ililetwa kutoka Kaliua enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mgodi wenyewe ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Ukitaka kuvuka hapo kwenda ziwani, kazi ni ya magari. Siku hizi barabara ya Tabora ina lami na watu wanasafiri wamevaa viatu vyeupe, lakini riziki yetu sisi ilikuwa njia ya Ikola na Karema, kule kando ya Ziwa Tanganyika. Kwenda tunapeleka sabuni, unga wa ngano na mabati. Kurudi tunaleta mpunga na dagaa. Kiangazi njia hiyo ni vumbi na mawe, masika ni matope na mashimo ambayo huyajui kina chake mpaka uingie.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, ile ndefu. Babu aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali mwaka 1994, na sote nyumbani tunaiita Bibi. Babu alipofariki Mjomba akairithi pamoja na madeni yake. Kabla hajafariki, Babu alikuwa ameifanyia Bibi mambo mawili. La kwanza, aliongeza majani matatu ya springi za lori kila upande wa nyuma, ili ibebe zaidi. La pili, shokapu zilipokufa alizifungua akazitupa, wala hakununua nyingine. Alikuwa akisema shokapu ni za watu wa mjini wanaoogopa kumwaga chai.

Na kweli bwana, kwa miaka yote hiyo hatukuona kasoro. Tukipakia gunia kumi na mbili Bibi ilitulia kama mtu aliyeshiba. Ikiwa tupu iliruka kama mbuzi, lakini gari tupu halina hela, nani alijali? Mgongo wa Mjomba ulianza kumuuma, akasema ni uzee. Mimi nilidhani hiyo ndiyo tabia ya gari, kama vile watu walivyo na tabia zao.

Basi, usiku mmoja wa Machi 2021 tulikuwa Ikola, tumeshapakia, tunangoja alfajiri tuondoke. Binti wa mjomba, ambaye mimi namwita Dada, ameolewa kule na mvuvi. Alikuwa na mimba ya kwanza. Saa nne usiku shemeji akaja mbio hana viatu, akasema uchungu umemshika tangu asubuhi, mtoto hashuki, na ameambiwa awahishwe Mpanda. Mjomba hakusema neno. Aliruka nyuma ya gari akaanza kushusha magunia, nami nikamsaidia. Tulishusha yote kumi na mawili tukayaacha mlangoni kwa mtu, tukatandika godoro na mablanketi mawili, tukamlaza Dada na mama mkwe wake akamshika kichwa. Nilijisikia vizuri kwamba tumempa nafasi. Gari zima lilikuwa lake.

Ile safari sitaieleza yote. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa nyuma nimeshika tochi na pembe ya godoro. Kila shimo lilipokuja gari lilipiga teke, godoro likapanda hewani na Dada akapanda nalo, kisha likashuka, na kabla halijatulia likapanda tena. Shimo moja lilikuwa na mateke manne au matano. Mjomba alijitahidi kwenda pole, lakini ukienda pole sana kwenye matope unanasa, na ukinasa usiku ule ndiyo basi tena. Mwanzoni Dada alikuwa akilia. Tulipopita Kapalamsenga akanyamaza, na ule unyamavu uliniogopesha kuliko kilio. Tulifika Mpanda kumekucha. Alifanyiwa upasuaji, mtoto wa kike akatoka mzima. Tulimshukuru Mungu, tukanywa chai pale nje ya hospitali, Mjomba akasema, "Bibi haijawahi kuniangusha."

Wiki mbili baadaye, nyumbani, Dada akiwa amekaa kwenye mkeka na mtoto, Mjomba akarudia maneno yaleyale mbele ya wageni. Bibi hivi, Bibi vile. Dada akasema taratibu, bila hata kuinua macho, "Baba, mimi usiku ule nilikuwa naomba gari liharibike. Nilisema bora nifie palepale kuliko shimo lingine."

Hakuna aliyecheka wala aliyejibu. Mjomba alitoka nje. Usiku aliniita chini ya mwembe akanikabidhi shilingi laki nne zilizofungwa kwa mpira, akasema, "Mpwa, wewe si ndiye unayesoma mambo ya magari kwenye simu? Tafuta shokapu."

Ni kweli nilikuwa nasoma. Kwa ajili ya ile Mustang ya riwaya nilikuwa nimefukua mengi. Nilijua kwamba Mustang ya kwanza ilitoka mwaka 1964. Nilijua kwamba mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya alishinda mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic akiendesha Mustang. Habari hiyo iliniwasha: gari la Kimarekani lililozoea lami limeshindaje kwenye mawe yetu haya? Nikasoma hadi nikagundua jambo lililonifurahisha kama mtoto. Mustang za zamani nazo nyuma zina springi za majani na ekseli ya kipande kimoja, sawa kabisa na Bibi! Wenye kuziandaa hubadilisha springi, na hufunga shokapu za kurekebishwa. Zipo ambazo ni lazima uzifungue kutoka kwenye gari, uzikandamize hadi mwisho, ndipo uzungushe. Na zipo zenye kitufe ubavuni chenye namba 1 hadi 9, unaingiza mkono tu na kuzungusha. Namba ndogo ni laini, namba kubwa ni ngumu.

Hapo nikasema nimepata dawa. Tukiwa na mzigo tunaweka 9, tukiwa na mgonjwa tunaweka 1. Kulikuwa na haja gani ya kumuuliza mtu? Nilishika futi, nikapima Bibi ikiwa imesimama uani, kutoka kishikio cha juu hadi cha chini, nikampigia muuzaji mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam. Alikuwa nazo mbili za kurekebishwa, zilizotumika lakini nzima, za kufunga nyuma. Nikatuma laki tatu na themanini, mzigo ukaja kwa basi. Zilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, na kitufe kile kinalia tik, tik, tik. Usiku ule niliziweka kando ya kitanda changu.

Kesho yake tukaenda gereji. Fundi wetu ni mzee mmoja mpole ambaye mikono yake haijatoka grisi tangu nizaliwe. Nilimwamkia, nikamwonyesha shokapu, nikamweleza habari za Mustang na za namba 1 hadi 9. Alizishika, akazisukuma na kuzivuta, akasema, "Nzuri hizi. Haya, tufunge, uone mwenyewe."

Tulifunga. Tukaenda hadi Kabungu na kurudi, gari tupu, mimi nimekaa nyuma. Namba 1, Bibi ikaruka kama zamani, ila ilichoka mapema kidogo. Namba 5, afadhali. Namba 9, likawa linanipiga mateke ya mgongo kama ubao. Hakuna namba hata moja ambayo ningemlaza Dada juu yake. Nilishuka nimenywea. Fundi akaketi kwenye tairi akaniambia maneno ambayo nitayaandika kama nilivyoyasikia:

"Kijana, springi ndiyo inayobeba. Shokapu haibebi kitu. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ikishakunjwa, isiendelee kucheza. Ndani yake kuna mafuta na vitundu vidogo. Mafuta yanalazimishwa kupita pale, ule mrusho unageuka joto. Ndiyo maana ukitoka njia mbaya ukiishika inaunguza, na ikizidi joto mafuta yanatoa povu, shokapu inakuwa kama haipo. Sasa hicho kitufe chako kinabana au kulegeza vile vitundu. Hakiwezi kulainisha jani la lori. Mmefunga springi ya kubeba tani, halafu mnaiambia imbebe mtu mmoja. Haimsikii. Hata haijui kama yumo."

Mjomba aliuliza, mbona miaka yote na gunia kumi na mbili gari lilikuwa linatulia bila shokapu? Fundi akasema sababu ni mbili. Springi ngumu ikipata uzito wake inakunjika inavyotakiwa, na safari inakuwa laini. Halafu majani mengi yakibanwa pamoja yanasuguana, na ule msuguano nao unatuliza kidogo, ndiyo maana Babu aliweza kutupa shokapu na gari likaenda. Siku hizi zipo springi za majani mawili au matatu tu, manene katikati na membamba mwishoni, hazisuguani sana na ni laini, lakini hizo bila shokapu nzuri zitakurusha hadi mtoni. Na bei yake tusiiongelee.

Kisha, bila ubaya wowote, Fundi akauliza, "Usiku ule wa mgonjwa, gari lilikuwa na mzigo?"

Nikasema tulishusha gunia zote ili apate nafasi.

"Aa," akasema. "Mngeacha hata sita chini, mkatandika godoro juu, angesafiri vizuri zaidi."

Ndugu msomaji, nilimtazama Mjomba. Aliinama akaokota nati iliyokuwa chini, akaifuta kwa kidole, akaiweka mfukoni. Akatoka hadi barabarani, akasimama kule na kutupa mgongo. Tulishusha yale magunia kwa mapenzi matupu! Tulikuwa tunakimbia, tunatoka jasho, tunapeana moyo. Na kila gunia tuliloshusha lilimwongezea binti yake teke moja la njiani.

Aliporudi alisema neno moja tu: "Toa."

Fundi akamuuliza kama anajua maana yake. Bila yale majani ya lori Bibi haitabeba gunia kumi na mbili tena. Tisa, labda. Gunia tatu kila safari ni fedha, na Mjomba ana watoto wawili shuleni na deni la Babu bado halijaisha. Nilimwona akipiga hesabu midomo ikicheza. Akarudia, "Toa, Fundi."

Tulitoa yu-bolti, tukapasua senta bolti iliyokuwa imeganda kwa kutu, tukachomoa majani sita ya lori. Kwenye majani ya asili moja lilikuwa limekatika. Tukapata la kulibadilisha. Fundi akayasafisha yote kwa brashi ya waya, akapaka grisi kati ya jani na jani, akaweka bushi mpya. Tukaishusha Bibi kwenye jeki. Na hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Gari lilikaa chini kuliko mwanzo, kiasi cha vidole vinne. Zile shokapu zangu nilizopima Bibi ikiwa imenyanyuliwa na majani ya lori sasa zilikuwa ndefu mno. Fundi alinionyesha kwa mkono. Ekseli ikipanda inatakiwa igonge ile raba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na shokapu iwe bado ina nafasi. Zangu zingefika mwisho kabla ya raba. Chuma kingepiga chuma, na shimo la tatu kishikio kingeng'oka. Shokapu fupi nayo ina kosa lake: gurudumu likining'inia kwenye shimo, shokapu ndiyo inakuwa kamba ya kulizuia, nayo inakatika. Ndiyo maana, akasema, mtu huanza kujua atabeba nini, akachagua springi, akaliacha gari likae linavyokaa, ndipo akapima shokapu, juu na chini. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho kwa sababu ya kitufe kinacholia tik, tik.

Muuzaji alikataa kuzirudisha. Sikumlaumu, vipimo nilimpa mimi. Mjomba alikuwa amekwenda msibani Inyonga, hakuwepo kuyaona haya. Ningeweza kumwambia. Lakini nilimkumbuka alivyokuwa akipiga hesabu ya gunia tatu, nikashindwa.

Nilikuwa na fedha yangu, laki tatu na nusu, niliyoiweka kidogokidogo kwa miaka miwili. Ilikuwa ya kwenda Dar es Salaam kuchapisha mswada kwa kompyuta na kuupeleka kwa wachapaji vitabu mwenyewe, mkono kwa mkono, maana nilikuwa nimesikia kwamba mswada wa daftari hausomwi. Usiku ule nililitoa lile daftari la kaunta nikasoma sura ya Mustang. Niliisoma yote. Gari linaruka tuta, linatua, linaendelea. Hakuna mtu anayeumia mgongo. Hakuna mtu nyuma. Nililifunga daftari, asubuhi nikatuma fedha.

Safari hii nilipima kama nilivyofundishwa: gari likiwa tupu, kisha likiwa na gunia tisa, kisha ekseli ikining'inia kwenye jeki. Nyuma nikachagua tena za kurekebishwa, kwa kuwa nyuma ndiko uzito unakobadilika. Leo gunia, kesho watu. Mbele, ambako uzito ni uleule wa injini na dereva, nilinunua za kawaida. Mtu akikuuzia nne za kurekebishwa kwa gari la namna hii, mwambie asante kwanza. Zile ndefu Fundi aliziuza baadaye kwa mwenye gari lililonyanyuliwa, nusu bei.

Agosti 2021 tulimrudisha Dada kwake Ikola, mtoto akiwa na miezi mitano. Nilimwambia akae mbele na baba yake. Akakataa, akasema atakaa nyuma, anataka kuona. Tulikuwa na gunia mbili tu za unga. Niliingia uvunguni nikajaribu namba 1, Bibi ikawa inaelea kama mtumbwi, nikaacha namba 3. Tulipofika yale mashimo ya Kapalamsenga nilimwona ameshika chuma cha ubavuni kwa mikono miwili, ameuma meno, anangoja. Gari likaingia, likainuka mara moja, likatulia. Akaendelea kungoja teke la pili. Halikuja. Baada ya shimo la nne au la tano aliachia chuma, akamfungua mtoto akamnyonyesha, na gari linakwenda.

Karema iko mbele kidogo ya Ikola. Pale Karema, Adrian Atiman, mtu aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alitibu watu tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Wazee wa kule bado wanamtaja. Mimi kila nikipita huwa nafikiria wale wagonjwa wake walibebwaje. Kwa machela, kwa mabega ya watu. Bega la mtu linajua limembeba nani.

Mjomba mpaka leo hajui habari ya zile shokapu ndefu. Akisoma hapa ndiyo atajua, na naomba anisamehe. Mswada wangu bado uko kwenye daftari. Sura ya kwanza nimeiandika upya. Mustang bado imo, na majambazi bado wamo, ila kwenye kiti cha nyuma sasa amelala mtu, na dereva inabidi amfikirie kila anapokata kona. Imekuwa sura ngumu kuandika, nimeirudia mara sita.

Gunia ni tisa, na fedha ni ndogo. Mjomba hunung'unika kila mwisho wa mwezi. Lakini juzi kule Ikola alikuja mzee mmoja mwenye mguu uliovunjika, amebebwa na wajukuu zake. Niliruka nishuke kuzungusha kitufe. Nikakuta Mjomba ameshatangulia, na mgongo wake ule, amelala chali kwenye vumbi mkono uko ndani ya gurudumu.

"Mpwa," akaniita kutoka uvunguni, "mtu mmoja na gunia nne. Tuweke namba ngapi?"